Usipime turbo ya Mombasa ukiwa Nairobi

Nimekuwa kimya kwa muda, na baadhi yenu mmeniandikia kuniuliza kama nimechoka kublogu. Sijachoka. Nilikuwa chini ya gari.

Leo basi tuache hifadhidata na simu mpya. Nataka tuongee kuhusu jinsi ya kuchagua turbo ya injini ya zamani ya silinda sita, ya gari la kwenda nalo kazini na nyumbani, si la mashindano. Kama huna haja na magari, usikimbie. Kosa ninalotaka kulieleza ni kosa letu sisi waandishi wa programu, nasi tumelifanya mara nyingi kuliko fundi yeyote. Tofauti ni kwamba sisi tukikosea tunawasha seva upya. Rafiki yangu alipokosea, pistoni ilivunjika karibu na Mariakani.

Gari la mzee

Gari lenyewe lilikuwa la baba. Ni Toyota Mark II ya 1998, chasisi JZX100. Injini yake ni 1JZ-GE: silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,492, bila turbo. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 200 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Iliingia nchini kabla ya 2006, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Macho ya mzee yalipoanza kumsumbua, alinikabidhi ufunguo na kuniambia jambo moja tu: "Lisife mikononi mwako."

Kila mwezi huenda Nakuru kuwaona yeye na mama. Wakati wa kurudi napitia Mai Mahiu, na mnajua ule mlima wa kupanda kuelekea Limuru. Malori yanatambaa, na nafasi ya kulipita moja huja kwa sekunde chache. Siku moja nilitoka nyuma ya lori la mafuta, nikakanyaga hadi chini, gari likanguruma sana na kusonga kidogo. Mbele yangu matatu ikatokea kwenye kona. Nilirudi nyuma ya lori mikono ikitetemeka. Usiku huo nikaanza kusoma kuhusu turbo.

Injini hupumua kwa ujazo lakini huchoma kwa uzito. Kila mzunguko hunywa lita zilezile za hewa, uwe ufuoni au mlimani, ila lita ya hewa ya mlimani ina uzito mdogo zaidi. Mombasa shinikizo la hewa ni takriban bar 1.01. Nairobi, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, ni takriban 0.82. Limuru ni kama 0.77. Kwa hivyo farasi 200 wa kiwandani wanabaki kama 165 nikiwa Nairobi, na kama 150 nikiwa kwenye mlima ule ambako nawahitaji kuliko mahali pengine popote. Sisi wa nyanda za juu tumezoea magari yaliyopungukiwa pumzi hadi tunadhani ndivyo yalivyo.

Kwa wale wageni: turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha ya kwanza, inayoitwa turbini. Ya pili, kompresa, hushindilia hewa safi kuingia kwenye injini. Hewa ikishindiliwa hupata joto, kwa hivyo hupitishwa kwenye intakula ipoe. Ili isishindiliwe kupita kiasi, kuna vali ya springi inayoitwa westigeti ambayo hufunguka na kupitisha moshi kando ya turbini. Mkumbuke springi hiyo. Ndiyo iliyoleta msiba.

"Kwangu inafanya kazi"

Rafiki yangu ana Chaser yenye injini kama yangu. Alinitangulia kwa mwaka mmoja. Alipelekwa kwenye gereji moja hapa Nairobi, akafungiwa turbo kubwa, saizi ya Garrett GT3582, ikapangwa kusukuma bar 0.8. Gari lilikuwa moto. Miezi saba hakuna tatizo. Desemba akaenda Mombasa na familia. Baada ya Mariakani akataka kulipita basi, akasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, kisha moshi wa buluu ukatanda nyuma. Gari lilirudi Nairobi likiwa juu ya lori. Injini ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikuwa zimevunjika pale kati ya ringi.

Gereji ilisema ni petroli mbaya. Inawezekana. Lakini niliomba faili la kompyuta ya injini yake, nikalifungua kwenye kipakatalishi changu, na nilichokiona kilinikumbusha kazini.

Saa ya turbo kwenye dashibodi husoma shinikizo lililozidi hewa ya nje. Bar 0.8 ya Nairobi ni 0.82 na 0.8, jumla 1.62. Bar 0.8 ya Mombasa ni 1.01 na 0.8, jumla 1.81. Mshale unasimama palepale, lakini injini inabeba mzigo mwingine. Springi ya westigeti nayo haijui uko wapi, kwa sababu upande wake mmoja unaegemea hewa ya nje. Yenyewe hupima tofauti tu.

Sasa, kompyuta ya injini huamua petroli na wakati wa cheche kwa kutazama jedwali. Safu moja ni mizunguko, safu nyingine ni shinikizo la jumla. Fundi alilipima gari kwenye barabara za Nairobi, na hapa Nairobi shinikizo halikuwahi kupita 1.62. Seli zote hadi hapo zilikuwa na namba zilizorekebishwa kwa uangalifu, moja moja. Juu ya hapo namba zilikuwa zimenakiliwa kutoka mstari wa chini, zilezile, hadi mwisho wa jedwali. Hakuna aliyewahi kuzijaribu. Gari likateremka kutoka Voi kwenda pwani, hewa ikawa nzito na ya moto, na kwa mara ya kwanza injini ikaingia kwenye seli hizo ikiwa na mgandamizo wa 10.5 kwa 1, ambao ni wa injini isiyo na turbo. Mchanganyiko ukaanza kulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, na pistoni zikapigwa nyundo mpaka zikavunjika.

Waandishi wa programu wenzangu, mmeitambua? Ni ile sehemu ya msimbo ambayo haikuwahi kutekelezwa siku ya majaribio. Ni ile kauli ya "kwangu inafanya kazi" tunayompa mteja anayelia. Mteja naye yuko Mombasa.

Farasi wa karatasini

Kosa la pili la rafiki yangu lilikuwa kununua namba. Turbo yake inaweza kulisha zaidi ya farasi 500. Yeye alihitaji nusu yake. Sisi nasi tunalijua hili: kampuni yenye wateja mia mbili inayojengewa mfumo wa wateja milioni, halafu kila ukurasa unachukua sekunde nne kufunguka.

Kwenye majina ya Garrett ya familia hiyo, tarakimu mbili za mwisho hukuambia kipenyo cha gurudumu la kompresa kwa milimita. GT3582 ina gurudumu la milimita 82. GT2860 ina la milimita 60. Gurudumu kubwa ni zito na linahitaji moshi mwingi kabla ya kuamka. Kwenye injini ya lita 2.5 ile kubwa ilikuwa inaanza kazi ya maana baada ya mizunguko 4,500. Unakanyaga, unasubiri, unasubiri tena, kisha inakurusha. Ukiwa nyuma ya lori pale Mai Mahiu, huna muda wa kusubiri. Kilele cha nguvu ni jambo moja na muda wa kuitikia ni jambo jingine, na barabarani unaishi na huo wa pili.

Kama huniamini mimi, waamini wahandisi wa Toyota wenyewe. Injini hii ina ndugu yake wa kiwandani mwenye turbo, 1JZ-GTE. Toleo la kwanza, la 1990, lilikuwa na turbo mbili, farasi 280, na msukumo wake mkubwa zaidi wa Nm 363 ulipatikana kwenye mizunguko 4,800. Mwaka 1996 wakaliunda upya. Turbo mbili zikawa moja, wakaongeza teknolojia ya VVT-i, na msukumo ukawa Nm 378 kwenye mizunguko 2,400. Farasi je? Walibaki 280 walewale, kwa sababu watengenezaji wa Japan walikuwa wamepatana tangu 1989 wasitangaze zaidi ya hapo, na mapatano hayo yalidumu hadi 2004. Yaani wahandisi walipokatazwa kuongeza namba ya juu, walielekeza akili yao yote kule chini, ambako dereva huendesha kila siku. Mimi nadhani lile katazo liliwafanya watengeneze injini nzuri zaidi ya barabarani.

Hesabu yangu

Niliandika programu fupi ya Python, mistari kama sitini. Sikuanza na turbo. Nilianza na swali: je, ni shinikizo gani la jumla ambalo injini hii, yenye mgandamizo wa 10.5 na petroli ya vituo vyetu, inaweza kulibeba siku ya joto kali Mombasa? Kumbukeni Japan petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani hadi 100, na sisi hatuna anasa hiyo. Nilijiwekea kikomo cha bar 1.4 ya jumla, popote pale. Mombasa hiyo ni bar 0.4 tu kwenye saa. Nairobi ni 0.58. Limuru ni 0.63.

Kwa hivyo nilichagua springi ya westigeti kwa ajili ya Mombasa, bar 0.4. Springi ndiyo sakafu: kompyuta inaweza kuongeza juu yake, lakini haiwezi kupunguza chini yake. Huku juu kompyuta inaongeza kidogo hadi ifike 1.4, na ikifeli, au waya ukikatika, gari linarudi kwenye 0.4 na linakuwa dhaifu badala ya kufa. Faida kubwa ni kwamba injini haioni 1.8 mahali popote. Kila seli itakayotumika Mombasa niliipima Nairobi. Kilichobaki tofauti ni joto, na hilo nimeliwekea jedwali lake: hewa inayoingia ikizidi joto fulani, cheche inacheleweshwa.

Kisha hewa. Kwenye mizunguko 6,200 injini inameza kama lita 7,300 kwa dakika. Kwa bar 1.4 na nyuzi 45 baada ya intakula, lita hizo zina uzito wa kilo 11.2. Kila kilo ya hewa kwa dakika huzaa takriban farasi 22, kwa hivyo napata kama 245. Linganisheni na wale 165 niliokuwa nao Nairobi, na 150 wa mlimani. Hiyo ni injini nyingine kabisa, bila kuidai chochote cha ajabu.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Ramani za kompresa huchorwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Huku juu kompresa inavuta hewa nyepesi, kwa hivyo lazima izunguke kwa kasi zaidi kupata kilo zilezile. Kwa hesabu yangu, Mombasa turbo inashindilia hewa mara 1.5 tu, lakini Limuru inashindilia karibu mara mbili, na kwenye ramani inaonekana kama inasukuma kilo 14 badala ya 11. Ukichagua turbo kwa kusoma ushauri wa watu wanaoishi karibu na bahari, unaweza kununua ndogo mno ukaichosha. Ukiogopa hilo, unanunua kubwa mno kama rafiki yangu. Mimi niliishia kwenye GT2860RS. Inatosha Limuru, japo karibu na ukingo wa ramani, na inaamka mapema.

Vitu vinavyosahaulika

Turbo ni sehemu ndogo ya bajeti. Injekta: kwa farasi 245, nikiacha akiba ya asilimia 20, nahitaji zinazotoa kama sentimita za ujazo 320 kwa dakika kila moja. Nilichukua za 380. Pampu ya petroli mpya. Laini za oili za kuingia na kutoka kwenye turbo, na ile ya kutoka iteremke bila kona, maana oili hurudi kwa uzito wake tu. Manifoldi ya chuma kizito niliyochomelewa na fundi mmoja wa jua kali ambaye welding yake ni safi kuliko zile za kuagizwa. Kipoza oili cha giaboksi, kwa sababu hii ni otomatiki. Sensa ya oksijeni ya kusoma mchanganyiko kwa usahihi, na sensa ya kusikiliza injini ikigonga. Na umjulishe mtu wako wa bima kabla, si baada.

Kompyuta ya kiwandani niliiacha mahali pake kwa sababu ndiyo inayobadilisha gia. Kwa petroli, cheche na turbo natumia Speeduino, mradi wa chanzo huria unaoendeshwa kwenye bodi ya Arduino Mega. Mnajua msimamo wangu kuhusu programu huria. Nilipotaka kujua kinachotokea sensa ya shinikizo ikifa nikiwa nimekanyaga, sikumuuliza muuzaji. Nilifungua msimbo nikasoma.

Mtaniambia nini

Najua wengine mtasema: mbona usinunue tu injini ya GTE iliyotumika kutoka Japan, uifunge, na ubadilishe kitabu cha gari? Ni hoja nzuri. Kama lengo lako ni farasi 280 na zaidi, fanya hivyo, maana mgandamizo wake ni mdogo na iliundwa kwa kazi hiyo. Usijaribu kufika huko na injini kama yangu. Lakini injini iliyotumika ni kisanduku kilichofungwa, na ya kwangu naijua tangu nikiwa shule ya msingi. Isitoshe, ni ya mzee.

Wengine mtasema 245 ni aibu, kwamba kuna kijana mtaani ana 500. Sawa. Mwulizeni alipimia wapi, halafu mwambieni awapeleke Diani mwezi wa pili akiwa amewasha kiyoyozi, na wanne ndani ya gari.

Na wengine, wenye busara kuliko mimi, mtasema dawa ya lori la Mai Mahiu ni subira. Hilo sina jibu lake. Ni kweli kwamba siku ile kosa la kwanza lilikuwa kutoka nyuma ya lori. Turbo haiongezi umbali unaouona kwenye kona.

Mwezi wa nne nililipeleka gari Mombasa, peke yangu, kipakatalishi kikiwa kiti cha abiria kinarekodi. Nilipita Mariakani saa nane mchana. Shinikizo la juu kabisa katika safari nzima lilikuwa 1.41. Sensa ya kugonga ilinyamaza. Nilisimama kando ya barabara, nikatazama ile faili, na nikampigia rafiki yangu simu. Sasa anajenga injini yake upya, na safari hii ameanza na springi.

Wiki mbili baadaye nilimpeleka mzee dukani Nakuru. Alisikiliza kimya, kisha akasema, "Lina kikohozi kipya hili." Ni ule mlio wa turbo ukiachia mafuta. Nikamweleza yote, springi, jedwali, Mombasa. Akauliza swali moja tu: "Na likiharibika hiyo kompyuta yako?" Nikamwambia litarudi nyumbani polepole. Akatikisa kichwa, akanyamaza, akafunga mkanda.

Kabla hujanunua chochote, basi, andika kwanza mahali pa chini kabisa na pa joto kabisa ambapo gari lako litafika, kisha mahali pa juu kabisa. Chagua springi kwa ajili ya pale chini, na gurudumu kwa ajili ya kule juu. Mkitaka ile programu ya Python, semeni hapo chini nitaiweka. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.